Chumba Kimoja, Taa Tatu

Ukitoka chuo saa mbili za usiku ukashuka kwa miguu kuelekea Msewe au Changanyikeni, huhitaji kuuliza vyumba vya wanachuo viko wapi. Tazama madirisha. Hili la zambarau, lile la bluu, na la kule ghorofani linabadilika lenyewe kila baada ya sekunde mbili kama gari la wagonjwa. Ni ule mkanda wa LED wa mita tano unaouzwa na rimoti yake, ambao siku hizi umekuwa kama sehemu ya sare ya geto: godoro, ndoo, jiko la gesi, mkanda.

Sina ugomvi na mkanda. Hata mimi ninao. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoufunga. Mtu anauzungusha kwenye pembe zote nne za dari, anawasha bluu, anapiga picha ya status, halafu baada ya wiki mbili anarudi kwenye balbu ya katikati kwa sababu chumba kimekuwa kama baa na hakisomeki daftari. Pesa ya boom imeshaondoka. Nakuomba basi ndugu msomaji tukae darasani kidogo, maana taa za mapambo zina kanuni zake, na kanuni hizo si ngumu. Wala hazihitaji uwe na nyumba ya Masaki.

Tena jambo lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Hapa Dar es Salaam jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Mwanachuo mwenye kipindi cha mwisho hadi saa moja hukiona chumba chake kwa taa kuliko kwa jua. Na ni chumba hichohicho unacholala, unachopikia, unachosomea UE, na unachompokelea mama yako akija ghafla kutoka Iringa na gunia la viazi. Balbu moja katikati ya dari haiwezi kuzibeba shughuli zote hizo.

Kazi tatu

Mwanga ndani ya nyumba hufanya kazi tatu. Upo mwanga wa jumla, wa kukuwezesha kuvuka chumba bila kujikwaa kwenye ndoo. Upo mwanga wa kazi, unaoanguka kwenye daftari, kwenye nyanya unazokata, au usoni mwako ukiwa mbele ya kioo. Na upo mwanga wa kumulika, ambao haukusaidii kufanya lolote. Wenyewe unachagua kitu kimoja na kuliambia jicho: tazama hapa. Jirani na huu wa tatu kuna taa za pambo tupu, yaani zile ambazo zenyewe ndizo za kutazamwa, kama vitaa vya kamba, fanusi ya vioo vya rangi, au taa yenye kofia ya ukindu. Hizo hazimuliki kitu, zinameta tu, na hilo linatosha.

Lugha yetu imeujua mgawanyo huu kabla ya umeme. Bibi alikuwa na kibatari cha kwenda nacho jikoni, kandili ya kuning'inia barazani, na karabai iliyotolewa siku ya sherehe au ya msiba. Hakuna aliyewasha karabai ili atafute kiatu chini ya kitanda. Kila taa ilikuwa na jina lake kwa sababu ilikuwa na shughuli yake. Sisi tuliozaliwa na swichi ndio tumebaki na neno moja, "taa", na tabia moja: kuiwasha.

Kwa upande wa wataalamu, aliyelieleza jambo hili vizuri kwa maoni yangu ni Mmarekani Richard Kelly, katika makala aliyoichapisha mwaka 1952. Yeye aliutenga mwanga unaokusanyika mahali pamoja, mwanga unaoenea kote, na mwanga unaometameta, akataka mbunifu azipange aina hizo tatu pamoja. Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni nyumba ya kioo ya msanifu Philip Johnson kule New Canaan, Connecticut, iliyokamilika mwaka 1949. Kuta za nyumba ile ni vioo vitupu. Mchana ukiwa ndani unaona miti na majani. Usiku ukiwasha taa, vioo vinageuka kuwa vya kujitazamia, na mwenye nyumba anabaki kujiona yeye na taa zake pande zote nne. Wengi wetu tungeongeza taa humo ndani. Kelly alifanya kinyume: alipunguza mwanga wa ndani, akapeleka taa nje kumulika miti. Jicho likakipita kioo, likaenda kutua bustanini.

Hapo ndipo lilipo somo lote. Jicho huenda kwenye kitu kinachong'aa kuliko vilivyokizunguka. Neno la kushika hapo ni "kuliko". Kama vyote vinang'aa, hakuna kinachotazamwa. Si unamjua yule mwenzetu anayepaka kalamu ya njano handout nzima, kila mstari, kuanzia jina la mhadhiri hadi namba ya ukurasa? Usiku wa kuamkia mtihani hajui asome wapi. Mkanda uliozungushwa dari nzima ni hiyo kalamu ya njano.

Hesabu ya wavuvi

Ukitaka kulielewa hili kwa hesabu, anza na wavuvi wa dagaa. Wao huenda na taa usiku, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unazungushwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu wengi wao hupumzika. Taa zao hazijapungua nguvu hata kidogo. Kilichobadilika ni giza: bahari nzima imeangazwa, na taa ya mvuvi haina tena la kumwambia dagaa.

Watu wa fani hii wana vipimo vyao. Ili kitu kionekane kimemulikwa, mwanga unaokiangukia uwe angalau mara tatu ya ule unaokizunguka. Ukitaka mgeni akione akiingia tu mlangoni, fikisha mara tano. Chini ya hapo jicho halitambui sana kama umefanya chochote.

Sasa tuchukue chumba cha kawaida cha kupanga, mita tatu kwa tatu na nusu, yaani karibu mita 10 za mraba. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takribani lumeni 800. Lumeni ni kiasi cha mwanga wenyewe, wati ni umeme unaoliwa, na wauzaji wengi hutaja wati tu, kwa hiyo geuza boksi usome. Lumeni 800 zikitawanywa kwenye mita 10 za mraba ni kama lumeni 80 kwa kila mita, na hapo hatujahesabu zinazopotelea ukutani na nyuma ya kabati. Kipimo hicho cha lumeni kwa mita ya mraba huitwa laksi. Kusoma maandishi kwa raha kunahitaji laksi kati ya 300 na 500. Kumbe ile hali ya kusinzia juu ya handout saa nne usiku si uvivu peke yake!

Mkanda wa kuchomeka kwenye USB, ule wa volti 5 na ampea 2, hauwezi kula zaidi ya wati 10. Kwa mwanga unakaribia ile balbu. Ukiuzungusha chumba kizima, nao unatawanya mwanga wake kwenye mita zilezile kumi. Balbu inatoa themanini kila mahali, mkanda unatoa kama hizo kila mahali, na hakuna kitu chumbani kilichofikia mara tatu ya jirani yake. Umelipia taa ya pili ya kazi ileile.

Lakini chukua taa ndogo ya wati 3 yenye kichwa kinachogeuzwa, ya lumeni kama 240, uielekeze kwenye nusu mita ya mraba tu ya ukuta. Hapo umepata karibu laksi 480. Wati 3 zimeshinda wati 10 kwa sababu hazikutaka kwenda kila mahali. Ukiizima na balbu ya katikati, ukabakisha taa hafifu ya pembeni, tofauti inaongezeka maradufu bila senti moja.

Usiniamini kwa maneno. Leo usiku zima balbu, washa tochi ya simu, simama hatua mbili kutoka kitu unachokipenda chumbani, kimulike. Kisha sogea hatua moja. Mwanga unaofika utakuwa kama mara nne ya ule wa kwanza, kwa sababu ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga hauongezeki mara mbili bali mara nne. Zungusha tochi juu, chini, ubavuni. Dakika kumi za mchezo huo zitakufundisha mengi kuliko video ishirini, na utajua unataka taa wapi kabla hujafika Kariakoo.

Umulike nini?

Swali hili ndilo tunaloliruka. Taa ya kumulika bila kitu cha kumulikwa ni kama kipaza sauti bila msemaji.

Wazee wa Lamu hawakuliruka. Katika nyumba za mawe za mji ule wa kale, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, chumba cha ndani kabisa huwa na ukuta uliojaa vidaka, vile vishubaka vya kupangia vyombo vya kaure. Waamu wenyewe husema zidaka. Vyumba vyao ni vyembamba, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na mwanga ulitoka upande mmoja tu, kiwanjani, ukizidi kupungua kadiri unavyoingia ndani. Ungetegemea ukuta wa mwisho uwe wa giza na wa kusahauliwa. Badala yake waliupiga lipu nyeupe ya chokaa, wakaunakshi, wakaupa vina vya vivuli, na mwanga mdogo uliofika pale ukapata pa kuchezea. Chumba chembamba kikaonekana kina kina. Hawakuwa na LED. Walikuwa na ukuta mmoja waliouamua.

Kwa hiyo amua ukuta mmoja. Geto lina vitu vinavyofaa kuliko unavyodhani: rafu ya vitabu, khanga ya mama iliyotandazwa ukutani, mkeka wa ukili, gitaa, mmea kwenye kopo la rangi, picha ya familia. Kimoja, ukizidi viwili. Picha au khanga imulikwe kutoka juu, taa ikiwa imeinama kiasi cha digrii 30 kutoka wima. Ukiielekeza moja kwa moja usoni mwa picha, kioo cha fremu kitakurudishia mwanga machoni. Rafu imulikwe kutoka ndani yake, mkanda ukibandikwa chini ya ubao wa juu kwa mbele, ukiangalia nyuma. Mmea unapendeza taa ikikaa chini, nyuma ya kopo, kivuli cha majani kipande ukutani.

Kwa kitu chenye mikwaruzo au ususi, kama mkeka, lete taa karibu kabisa na ukuta ili mwanga uteleze juu yake. Kila ukili utatupa kivuli chake kidogo, na mkeka wa kawaida utaonekana kama umenunuliwa makumbusho. Ila angalizo: mwanga wa kuteleza hausamehe. Lipu nyingi za vyumba vyetu vya kupanga zilipigwa na fundi mwenye haraka, na taa ikikaa sentimita tano kutoka ukutani utaona kila nundu, kila ufa, na alama ya msumari wa mpangaji aliyepita. Ukuta mbaya urudishie taa nyuma, nusu mita au zaidi, mwanga uuoshe kwa mbele, na makovu yatatulia.

Rangi ya mwanga

Boksi la balbu huandikwa namba yenye herufi K, yaani kelvini. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano ya jioni, unaofanana na wa kandili. 4000 ni wa katikati. 6500 ni ule mweupe wa dukani unaokaribia bluu, na ndio umejaa madukani kwetu kwa sababu mtu akiujaribu pale kaunta anauona "mkali". Kwa meza ya kusomea, 4000 inafaa. Kwa kumulika na kwa pembeni mwa kitanda, 3000 au chini yake. Ukichanganya 6500 na 2700 kwenye chumba kimoja kidogo, moja itaonekana ya hospitali na nyingine itaonekana chafu.

Na hizi bluu na zambarau? Kwanza tuzipe heshima yake. Taa ndogo ya bluu ilikuwa kitendawili kwa miongo kadhaa. Nyekundu na kijani zilikuwepo, bluu yenye nguvu haikupatikana, na bila bluu hakuna LED nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuipata. Balbu yako nyeupe ya LED, ukiichunguza, kwa kawaida ni taa ya bluu iliyofunikwa unga wa kugeuza rangi.

Lakini kuishi ndani ya bluu tupu ni jambo lingine. Khanga nyekundu ni nyekundu kwa sababu inarudisha mwanga mwekundu. Ukiimulikia bluu peke yake haina cha kurudisha, inakuwa nyeusi. Ngozi zetu za kahawia zina wekundu mwingi ndani yake, kwa hiyo chini ya bluu tunafifia, tunaonekana wagonjwa. Wali wa nazi na maharage chini ya kijani, sitaki kusimulia. Hata "nyeupe" ya mkanda wa rangi nyingi ni nyekundu, kijani na bluu zilizowashwa pamoja, na katikati yake kuna mapengo, ndiyo maana vitu vinaonekana havina uhai. Kwenye boksi tafuta kipimo kinachoandikwa CRI, yaani uwezo wa taa kuonyesha rangi kama zilivyo. Jua limepewa 100. 80 inatosha kwa kuishi, na 90 ni nzuri kwa kioo na kwa nguo. Mkanda wa rangi moja, manjano ya 3000, unakufaa kuliko wenye rangi milioni kumi na sita ambazo utazitumia wiki moja.

Taa isionekane, mwanga uonekane

Mkanda una vitone. Ukiviona vitone, umeona mkanda, hujaona mwanga. Uufiche nyuma ya kioo cha kujitazamia, nyuma ya kichwa cha kitanda, au juu ya kabati ukiangalia dari, ili unachokiona kiwe ukuta uliong'aa tu. Mwanya wa sentimita kumi kati ya mkanda na ukuta unatosha kuvichanganya vitone hivyo. Angalia na sakafu. Ukiuweka chini ya kitanda na sakafu ni ya marumaru inayong'aa, vitone vyote vitajichora pale chini kama taa za uwanja wa ndege. Kuta za rangi ya mafuta nazo zina tabia hiyohiyo, za rangi ya maji ni tulivu zaidi. Na ukuta mweupe unarudisha sehemu kubwa ya mwanga, wakati wa kijani iliyokolea unaumeza. Mwenye ukuta wa giza asishangae taa ileile aliyoiona kwa rafiki ikimfanyia kidogo.

Unayeishi naye

Hadi hapa nimezungumza kama vile kila mtu anaishi peke yake. Wengi wetu tuko wawili, wengine watatu, tukigawana kodi. Na nikwambie, magomvi mengi ya wanaoishi pamoja ambayo nimeyasikia hayakuanzia kwenye vyombo. Yalianzia kwenye swichi. Mmoja ana mtihani saa mbili asubuhi na anataka kulala, mwingine ana kazi ya kuwasilisha na anataka kuandika. Balbu ni moja na iko katikati. Ikiwaka, wote wako macho. Ikizimwa, wote wako gizani. Chumba kimewalazimisha wapigane.

Kuna wawili ninaowafahamu, wanakaa Makongo, walifikia hatua ya kutosalimiana. Kilichowapatanisha ni taa ya mezani ya wati 5 yenye shingo ya kukunja. Waliihamisha meza ikawa mgongo kwa kitanda cha mwenzake, taa ikawa chini ya usawa wa macho ya aliyelala, kichwa chake kimeinamia daftari, na upande wa kitandani kofia yake ikawa imeziba kabisa. Mwanga wa kazi uliangukia kazi. Baadaye wakaongeza mkanda mfupi wa manjano nyuma ya kabati, nusu mita tu, ili anayeamka usiku kwenda chooni asiwashe balbu ya kumwamsha mwingine. Ndiyo taa yao ya pambo, na ndiyo wanayoiacha ikiwaka wageni wakija. Ya tatu ni ya kumulika, imeelekezwa kwenye rafu ya vitabu iliyo katikati ya vitanda viwili. Balbu ya dari wanaiwasha wakitafuta kitu au wakifagia. Salamu zimerudi, ingawa sitasema ni taa peke yake iliyofanya hivyo.

Mwenye nyumba na LUKU

"Wewe mwenye mataa ya rangi ndiye unayemaliza umeme." Kama hujaambiwa, utaambiwa, hasa mkiwa wapangaji sita kwenye LUKU moja. Jibu la hasira halisaidii. Nenda na hesabu.

Nyumba ya namna hiyo huvuka uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo haiko kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo. Inalipa takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Mkanda wa USB wa wati 10, ukiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, unakula uniti moja na nusu: shilingi 534 kwa mwezi. Jagi la umeme la wati 1,500 linakula uniti hizohizo kwa saa moja tu ya kuchemsha maji. Pasi haiko mbali na hapo. Sasa muulize kwa upole nani ana jagi. Ila uwe mkweli: ule mkanda mnene wa volti 12, wenye vitaa vikubwa 60 kwa kila mita, mita tano zake zikiwashwa nyeupe kwa nguvu zote zinaweza kufika wati 72. Saa tano kila siku ni karibu uniti 11, kama shilingi 3,800. Ukiwa na huo, changia zaidi bila kusubiri kuambiwa.

Adapta ya mkanda huo nayo iwe ya kutosha, ampea 6. Ukiuwekea ya ampea 2 itachemka, na adapta inayochemka nyuma ya pazia ndiyo habari za moto tunazozisoma. Usiiweke chini ya godoro wala juu ya nguo. Usiwashe mkanda ukiwa bado umekunjwa kwenye gurudumu lake, hauna pa kutolea joto. Ukitaka kuufupisha, kata kwenye alama za shaba tu, kwingine utazima kipande. Ekstensheni usiichomeke kwenye ekstensheni nyingine, hasa ile yenye jagi. Na waya wa dari usiuguse: kuhamisha taa ya dari ni kazi ya fundi, na ni nyumba ya mtu.

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, anza na taa ya mezani, maana ndiyo inayokupeleka kwenye GPA. Mwezi unaofuata badilisha balbu ya dari kutoka 6500 iwe 3000 au 4000, ile ya zamani uitunze kwa ajili ya siku ya kuhama. Taa ya kumulika yenye klipu inabanwa kwenye ubao wa rafu au fimbo ya pazia, haitaki msumari. Mkanda ununue mwisho, ukiwa umeshajua unaficha wapi. Gundi yake hubandua rangi ya ukuta ukiuvuta kwa nguvu, na pesa ya rangi itakatwa kwenye amana yako, kwa hiyo ubandike kwenye mbao za kabati na kitanda chako mwenyewe. Siku ya kuondoka unabeba kabati na taa zake.